Blogu ya ufundi cherehani imekua: nibaki kwenye jukwaa la bure au nihamie seva yangu?

fundi_mshono

Habari zenu wakuu. Nina jambo limeninyima usingizi wiki mbili sasa, naomba mnisaidie kulipima.

Naandika blogu ya kutengeneza cherehani. Nilianza miaka tisa iliyopita kwa makala moja tu, ya cherehani inayoruka mshono. Nilichoka kumweleza kila mteja jambo lile lile: kabla hujagusa skrubu yoyote, chomoa sindano uiangalie, maana mara nyingi imechomekwa kinyume, ule ubavu bapa umekaa upande usio wake, au imepinda kidogo sana, jicho halioni, lakini ukiilaza juu ya kioo na kuiviringisha kwa kidole unaiona ikicheza. Nikapiga picha nne, nikaandika, nikaweka kwenye jukwaa la bure. Leo makala ni 412 na picha zinakaribia 2,300. Chini ya ile makala ya kwanza peke yake kuna maoni zaidi ya 600, na mengi si ya shukrani tu. Ni mafundi wanasahihishana: mmoja anasema taimingi ya ndoano imechelewa, mwingine anamjibu hapana, pima kwanza kimo cha mhimili wa sindano. Mimi mwenyewe nimejifunza humo.

Sasa blogu imeizidi nyumba yake. Wasomaji wananiomba mahali pa kuchagua aina ya mashine na tatizo lake, wapelekwe moja kwa moja kwenye makala husika. Jukwaa linanipa lebo tu, na lebo zangu zimefika 90, hazimwongozi mtu tena. Matangazo wanayaweka wao wanapotaka. Nimekuta tangazo limekaa kati ya hatua ya tatu na ya nne ya kupanga mkazo wa uzi, na msomaji akaniandikia kwamba alidhani maelezo yameishia pale, akaifunga mashine yake ikiwa nusu. Hilo liliniuma.

Lililonitisha ni la mwezi uliopita. Nilipandisha picha 60 kwa mkupuo usiku, asubuhi nikakuta akaunti imefungwa. Mashine yao ilinidhania mtuma taka. Hakuna mtu wa kuzungumza naye, ni fomu ya kujaza na kusubiri. Walinifungulia baada ya siku tatu, na sina haja ya kulitaja jukwaa hapa. Lakini siku tatu hizo nilikaa nikijiuliza kama nina nakala ya chochote. Sikuwa nayo.

Kuna na hili la stika. Kila cherehani ninayoimaliza, naibandika stika ndogo chini ya kitako, yenye tarehe na msimbo wa QR unaokwenda kwenye makala ya lile tatizo nililolitengeneza, ili siku likirudi mwenye mashine ajaribu mwenyewe kwanza. Zipo mamia ya mashine zenye stika hizo kwenye nyumba za watu. Siwezi kuzifuata nikabandue.

Najua kuandika na kutengeneza mashine. Seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti na kuipeleka kwa wasomaji, sijui. Nihame?

lango_443

Fundi, kabla ya seva: anwani iliyo kwenye stika ni domeini, yaani jina la tovuti, uliyoisajili mwenyewe, au ni jina lako likifuatiwa na jina la jukwaa?

fundi_mshono

Ni jina langu, nukta, jina la jukwaa. Sikujua kama lina uzito.

lango_443

Lina uzito kuliko seva yenyewe. Anwani hiyo si yako, umeazimwa. Siku wakifunga duka, stika zako zote zinakufa pamoja nao, na hakuna seva duniani itakayozifufua. Si maneno ya kutishana: GeoCities ilifungwa 2009, Vox 2010, Posterous ilizimwa tarehe 30 Aprili 2013 baada ya kununuliwa na Twitter mwaka mmoja kabla, na Typepad, iliyodumu zaidi ya miaka 20, ilifungwa tarehe 30 Septemba 2025. Wenye domeini zao walihamisha mizigo, wasomaji wakaendelea kuingia kwa mlango ule ule.

Kwa hiyo swali lako ni mawili, usiyachanganye. Anwani ni ya nani? Na makala zinakaa wapi? La kwanza unaweza kulimaliza wiki hii bila kuhama popote. Sajili domeini, iunganishe na jukwaa hilo hilo ulipo. Blogger inaruhusu, tena haikutozi chochote kwa hilo, utalipa tu ada ya domeini kwa msajili; WordPress.com wanataka uwe kwenye mpango wa kulipia. Jukwaa likiwa zuri, anwani ya zamani itamwelekeza msomaji kwenye mpya, tena kwenye ukurasa ule ule, si kumtupa ukurasa wa mwanzo. Hakikisha jibu linalotumwa ni 301, yaani nimehama moja kwa moja, si 302 ambayo ni nimetoka kidogo nitarudi. Google wanalisoma hilo.

Mambo mawili watu huyasahau. Domeini isajili kwa baruapepe isiyokuwa ya domeini hiyo hiyo, kwa sababu ikiisha muda na baruapepe inakatika, na lile onyo la kulipia linatumwa mahali usipoweza kulisoma. La pili, akaunti ya zamani usiifute kamwe, hata ukihama miaka kumi. Ndiyo inayozielekeza stika.

mlinzi_zamu

Nakubaliana na lango_443 kwa kila neno. Mimi nizungumzie upande wa seva, maana nimekuwa huko tangu 2018 na nina kovu.

Kwanza tuelewane majina. WordPress ni programu, ilitoka 2003, ni ya bure na unaiweka popote. WordPress.com ni huduma inayokuwekea programu hiyo na kuitunza. Watu wakikwambia "hamia WordPress", waulize ipi, kwa sababu kazi utakayojitwika haifanani hata kidogo.

Mimi nilijitwika yote. Nilikuwa na blogu ya kufundisha hesabu, ikakua, nikachukua seva ya kushirikiana na wengine, ile ya ada ndogo. Mwaka wa kwanza nilifurahi sana. Nikaweka kila plagini, yaani kiprogramu cha nyongeza, niliyoiona: ya fomu, ya picha zinazotembea, ya kuhesabu wasomaji, zikafika 31. Msimu wa mitihani wasomaji wakaja kwa pamoja, na tovuti ikatoa ule ujumbe kwamba haiwezi kuunganika na hifadhidata. Jukwaa la bure halikuwahi kunifanyia hivyo. Kule, wasomaji elfu wakija kwa saa moja si shida yako. Huku ni yako. Dawa yake ilikuwa kache, yaani ukurasa uliokwisha kupikwa unahifadhiwa na kupakuliwa vile vile badala ya kupikwa upya kwa kila mgeni. Tatizo likaisha mchana mmoja, lakini mitihani ilikuwa imeisha pia.

Kovu lenyewe ni hili. Ile plagini ya picha zinazotembea, aliyeitengeneza aliiacha. Haikupata sasisho kwa miaka miwili, na mimi sikuangalia. Asubuhi moja mwanafunzi ananiandikia: mwalimu, nikitafuta blogu yako Google inatokea matangazo ya dawa. Nikiifungua mwenyewe naiona iko sawa. Nikaingia kwenye folda ya uploads, ambako hukaa picha tu, nikapanga faili kwa tarehe. Katikati ya picha za michoro ya pembetatu kulikuwa na faili moja ya PHP, yaani ya programu inayoendeshwa na seva, imewekwa saa 9 na dakika 12 usiku. Faili ya PHP haina kazi yoyote ndani ya folda ya picha. Nilikaa nikiitazama ile faili kama mtu aliyekuta nyayo za mgeni ndani ya chumba cha watoto.

Nilifuta kila kitu, nikaweka WordPress safi, nikabadilisha paswedi zote, nikarudisha kutoka kwenye bakapu, yaani nakala ya akiba. Bakapu ilikuwa ya siku 19 nyuma. Maoni ya siku hizo 19 yalipotea, na humo kulikuwa na mtoto aliyekuwa ameuliza swali zuri sana la uwezekano ambalo nilipanga kulijibu Jumamosi. Sikumbuki jina alilotumia, na hajarudi.

Sasa, fundi, sikwambii usihame. Nakwambia ukihama unaajiriwa kuwa mlinzi wa zamu. Plagini chache, na kila moja ujue nani anaitunza na ilisasishwa lini. Masasisho madogo ya WordPress yenyewe hujiweka tangu toleo la 3.7 la 2013, lakini plagini ni juu yako, ama uziwashie kujisasisha. Zima PHP kwenye folda ya picha. Cheti cha usalama hakina gharama siku hizi, Let's Encrypt wanatoa bure na kinajirefusha chenyewe kama umepanga vizuri.

Na bakapu isikae nyumba moja na kile inachokilinda. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo kizima cha seva cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi hewani. Waliokuwa na tovuti na bakapu zote ndani ya kituo kile hawakuwa na pa kurudia.

daftari_wazi

Mimi ni wa upande wa kubaki, nami nimeandika miaka 14.

Nilihesabu saa zangu. Nina kama saa sita kwa wiki za kuandika, basi. Nilipojaribu seva yangu kwa miezi minane, saa mbili kati ya hizo sita zilikwenda kwenye masasisho, nakala, na kujua kwa nini fomu ya mawasiliano haitumi barua. Nilitoa makala 9 miezi hiyo, mahali pa 20 na kitu. Nikarudi kwa wenye jukwaa, ila safari hii kwa kulipia: matangazo yakatoka, domeini ni yangu, na nikikwama kuna mtu wa kumwandikia anayejibu kwa jina lake. Hilo la mwisho ndilo ulilolikosa wewe siku zile tatu, fundi. Ulikosa mtu wa kukusikiliza, na seva yako mwenyewe haikupi mtu huyo.

Ninachodai kwa jukwaa lolote ni mlango wa kutokea. Kila tarehe mosi natoa nakala ya kila kitu na kuifungua niione. Wakinyima nakala, ninaondoka mwezi huo huo.

Kuna pia njia ya katikati, unakodi mahali ambapo WordPress ni yako, plagini unachagua, lakini masasisho, kache na bakapu wanafanya wao. Inagharimu zaidi ya seva ya kushirikiana. Kwa fundi mwenye mikono ya mafuta mchana kutwa, mimi ningeanzia hapo.

fundi_mshono

Nimewasoma mara tatu. Ahsanteni sana, hasa mlinzi_zamu kwa kuisema ile ya mtoto.

Swali moja. Nimetoa nakala kutoka kwenye jukwaa, ni faili moja ya XML ya megabaiti 14. Picha zangu peke yake nazipiga kwa simu, kila moja kama megabaiti 4. Zimeingiaje humo?

mlinzi_zamu

Hazimo. Faili hiyo ina maandishi, maoni, na anwani za picha. Picha zenyewe bado ziko kwao. Wengi huja kuligundua hilo baada ya kufuta akaunti, kwa hiyo umeuliza wakati mzuri.

Fanya hivi. Weka WordPress kwenye kompyuta yako ya nyumbani, si kwenye intaneti, uingize faili hiyo. Wakati wa kuingiza kuna mahali pa kutia tiki ili ivute na picha. Ikimaliza, zima intaneti ya kompyuta, ndipo ufungue makala. Kitakachoonekana ndicho chako.

Halafu piga hesabu ya nafasi. Picha 2,300 kwa megabaiti 4 ni gigabaiti 9 na ushee, na WordPress hutengeneza nakala ndogo kadhaa za kila picha, kwa hiyo faili zitazidi elfu kumi kwa urahisi. Seva nyingi za ada ndogo zina kikomo cha idadi ya faili, si ukubwa tu. Uliza kabla ya kulipa. Tangu toleo la 5.3 la 2019 picha kubwa hupunguzwa hadi pikseli 2,560, lakini ile ya asili inabaki imekaa pale pale inakula nafasi. Zipunguze mwenyewe kabla.

fundi_mshono

Wakuu, narudi baada ya wiki saba.

Domeini nilisajili siku ile ile, nikaiunganisha na jukwaa la zamani. Nikaandika kwenye karatasi anwani 40 kutoka kwenye daftari langu la stika, nikazijaribu moja moja. Zote zilipita, 301, ukurasa ule ule. Usiku huo nililala.

Lile jaribio la kuzima intaneti nililifanya Jumapili. Makala 412 zote ziliingia, nikashangilia, nikazima intaneti, nikafungua ile ya mkazo wa uzi. Maandishi yapo, na mahali pa picha pana visanduku vitupu saba. Saba vyote. Nikapitia makala nyingine 30: ndani ya picha 190, zilizokuwa zangu kweli zilikuwa 23. Nyingine zote ilikuwa inaziazima kwao bila mimi kujua, na zilionekana vizuri kabisa kwa sababu tu intaneti ilikuwa imewashwa. Nilirudia kuingiza mara mbili, kwa mafungu, kisha plagini moja ikanisaidia kuzivuta zilizobaki na kubadilisha anwani zake. Zilizokosekana kabisa ni 41. Kati ya hizo nimezipata 33 kwenye simu ya zamani. Nane sitazipata, mashine zenyewe zilishakwenda, kwa hiyo nimeandika maelezo marefu zaidi mahali pake.

Maoni yalikuja yote, yale 600 na zaidi, ila majibu yalikuwa yamepoteza mpangilio wa nani anamjibu nani kwenye makala nne. Nimeyapanga kwa mkono jioni tatu. Ile hoja ya kimo cha mhimili ipo mahali pake.

Nimehamia ile njia ya katikati ya daftari_wazi. Plagini ninazo sita, nimeandika jina la kila moja na tarehe ya sasisho lake la mwisho kwenye ubao juu ya meza ya kazi, chini ya orodha ya vipuri. Viungo nimevipanga kwa mwaka, mwezi na jina, na kumalizia na ile nukta html ya zamani, ili njia zisibadilike hata herufi. Bakapu wanachukua wao kila usiku, nami nachukua yangu tarehe mosi kwenye diski inayolala nyumba nyingine. Sehemu ya kuchagua mashine na tatizo nimeianza, ina mashine 12 hadi sasa. Akaunti ya zamani ipo, sijaigusa.

Jana mteja amerudisha cherehani niliyoitengeneza miaka mitano iliyopita. Inaruka mshono. Kabla sijaifungua niliilaza ubavu nikaitafuta stika. Imeingia mafuta, kona moja imechanika, msimbo unaonekana nusu kama kupitia kioo chenye mvuke. Niliifuta kwa kitambaa, nikamwomba mteja atumie simu yake mwenyewe, si yangu. Ilichukua mara tatu kusoma. Ikafunguka makala ya sindano, kwenye domeini mpya, picha zote nne. Akachomoa sindano pale pale, akailaza juu ya kioo cha simu yake, akaiviringisha kwa kidole.